Sweta la Ambindwile Mbele ya Kioo

Ninyi mnaokwenda kununua monita ya kazi, na ninyi akina mama mnaowasindikiza watoto wenu, msifanye kama Tupokigwe wa Nkunga. Alikaribia kumbadilisha mume wake kwa mtu mwingine, hivi hivi, amesimama kaunta.

Binti yake Bupe ana chumba pale Msasani ya huku kwetu milimani, anapoediti video za harusi na misiba. Monita yake ya zamani ilianza kugeuza rangi, bibi harusi mmoja akatoka wa njano kama ndizi mbivu. Ukumbini wageni walicheka mpaka shangazi zake wakainuka wakaondoka. Bupe akasema lazima atafute nyingine.

"Huendi peke yako," akasema mama mtu.

Hofu yake ilikuwa moja. Kazi ya kwanza ingekuwa mkanda wa kwaya wa siku ya kufungua kanisa lao, ambao Bupe alishauhamishia kwenye flashi. Humo ndimo ilimobaki sura ya marehemu Ambindwile. Picha za ukutani ukungu wa mvua zetu ulishazila. Na Tupokigwe alikuwa ameanza kuisahau sura ile, ila hakumwambia mtu.

Wakaingia mjini mvua ikinyunya, yeye amevaa sweta la marehemu kama kila siku ya baridi.

"Shikamoo mama," alisema Farhan mwenye duka.

"Marahaba, baba. Tuoneshe kisichodanganya."

"Aa, mama! Hapa hatuuzi waongo."

Akawasha monita mbili. Ya kwanza pana, imepinda kidogo, inang'aa, kasuku wanaruka ndani yake. Ya pili bapa, imepoa kama chai iliyochemshwa kwa majani ya jana.

"Hii iliyopinda, mama, hata ukiweka ugali mkavu utaona na nyama."

"Kasuku ni wako, kaka Farhan," alisema Bupe. "Weka flashi yangu, kote kuwili."

Kwaya ikatokea. Ambindwile mstari wa nyuma, mdomo wazi, anaimba besi. Kwenye ile inayong'aa alikuwa kijana kabisa, uso laini, sweta ni lile lile, jekundu pyu.

Tupokigwe akashika kaunta. "Hii. Funga hii, twende."

"Mama, hii inapamba."

"Impambe! Alikosa nini hata asipambwe?"

"Nikiona hapa rangi zimezidi, nitazipunguza. Jumapili kanisani, kwenye projekta, baba atatoka wa majivu. Utamlilia upya."

"Mama kashapenda, dada," Farhan akadakia. "Usigombane na mapenzi."

Bupe alimshika mama yake mkono, akakunjua pindo la sweta, pale ambapo jua halijawahi kufika, akalisogeza kwenye kioo kinachong'aa. Ndani ya kioo, pyu. Nje, kwenye pindo, wekundu uliotulia, kama udongo wa njia ya shambani baada ya mvua. Akalihamishia kwenye ile bapa. Rangi zikakutana, hujui sufu inaishia wapi na picha inaanzia wapi.

Ndipo Tupokigwe akautazama uso. Umechoka, macho yameingia ndani. Siku ile Ambindwile alikuwa ametoka kulazwa hospitali ya Igogwe, akagoma kukosa kuimba. Asubuhi mkewe akampaka mafuta usoni haraka haraka, kengele inalia. Na pale, chini ya sikio, kulikuwa na kipande kikavu, cheupe, alipopasahau.

Akageukia ile inayong'aa. Hakuna. Pamelainishwa pote.

"Bupe, unapaona pale? Sikupafikia. Nikamwambia rudi nimalizie, akanijibu, 'Niache, mke wangu, Mungu haangalii masikio.'" Akaanza kucheka, na machozi nayo yanakuja, akayafuta kwa pindo lile lile.

Mambo hayo yalikuwa yamemtoka kichwani miaka yote, na kile kioo kizuri kingeyazika moja kwa moja, naye angeshukuru. Mjihadhari nacho, wenzangu.

"Nipasawazishe pale, mama?" Bupe aliuliza polepole. "Naweza."

"Ukipagusa nitakuchapa, na ukubwa wako huo."

Farhan akakohoa. "Sasa nifunge ipi?"

"Hiyo aliyomo mume wangu."

Farhan akanyoosha mkono kuizima ile bapa. Tupokigwe akaushika mkono wake.

"Subiri, baba. Waache wamalize ubeti."