Msalaba Juu ya Bawa

Hilaire wa Ntoto alikuwa fundi wa misalaba. Vinu alijua kuchonga, viti pia, hata mipini ya majembe, lakini misheni ilimzoeza misalaba, na miaka ile watu walikufa sana, basi mikono yake haikupumzika. Mtu akizikwa Ntoto ao Mpofi, njo yeye aliyeitwa. Ubao aliupaka rangi nyeusi, halafu akauzungushia mustari mweupe pembeni, ili msalaba uonekane hata majani yakiota.

Mwaka wa arobaini na nne, fujo za Kitawala, dini iliyosema wazungu watafukuzwa, zilipokwisha kuzimwa kwa bunduki, askari walipita msituni wakikusanya wanaume. Mdogo wake Hilaire, jina lake Symphorien, walimkuta kwenye kambi ya wawindaji akibanika nyama. Wakamuuliza anamwabudu nani. Akajibu Mungu. Wakasema Wakitawala wote wanajibu hivyo hivyo. Wakamfunga kamba, wakampandisha mpaka poste ya serikali ya Masisi, na huko akakaa gerezani pamoja na wengine wengi. Ilijulikana kwamba siku moja kamiyo, gari kubwa la mizigo, itakuja kuwachukua. Kuna watakaonyongwa na kuna watakaotupwa mbali, lakini nani yuko fungu gani, hakuna aliyejua. Nyumbani Ntoto alibaki mke wake, Thacienne, na watoto.

Katika hali hiyo ndipo Hilaire alipopata habari ya mzungu wa Bihambwe.

Mzungu huyo alilima maua ya pareto na kufuga ng'ombe, na watu walimwita Bwana Pareto. Mtoto wake mmoja tu alikuwa rubani wa vita huko Ulaya. Ndege yake ikatunguliwa ikaanguka baharini, na maiti haikuonekana. Sasa mama yake, Madame, alitaka misa ya marehemu, na kwa kuwa jeneza halikuwepo, alitaka ndege ya mti, ndogo, sawasawa na ile ya mtoto, iwekwe mbele ya altare mahali pa jeneza. Akatafutwa fundi. Mapadri wakasema yuko mmoja, kule chini msituni.

Hilaire alipanda milima ya Bihambwe na patasi zake kwenye mfuko wa ngozi. Malipo mengine hakuyataka, ila mdogo wake afunguliwe. Alijua Bwana Pareto alicheza karata kila siku ya Mungu na Bwana Teritwari, yule mkubwa wa poste mwenye ufunguo wa gereza. Akasema habari ya mdogo wake akiwa amesimama chini ya baraza, kofia mkononi. Bwana Pareto alimsikiliza mpaka mwisho. Akamjibu kwamba ndege ikiwa tayari kabla ya misa, na ikiwa ya kweli, yeye mwenyewe atashuka Masisi kumsemea Symphorien. Neno la mzungu huyo, watu walisema, halikurudi nyuma. Lakini halikwenda mbele pia.

Akapewa picha. Kijana alisimama anacheka, mkono juu ya pua ya ndege. Nyuma yake kipande cha bawa, halafu picha ikakatika. Hilaire alichagua mti mwepesi usiopasuka, akachonga kiwiliwili, akachonga mabawa, akasugua yote kwa majani ya musasa mpaka mkono ukateleza kama juu ya yai. Bwana Pareto alikuja kila siku kutazama. Alimchorea mkia kwa kijiti kwenye udongo. Mara mbili alirudisha pua, akisema ni nene. Hilaire hakukasirika, alimwona ni baba anayemwosha maiti wake.

Kabla ya kazi ya rangi, Bwana na Madame walishuka Goma kumngoja padri wa misa. Bwana aliacha neno moja kwa kapita, msimamizi wake wa kazi: juu ya mabawa na ubavuni itiwe alama ya kwetu, kubwa, vizuri.

Kapita huyo aliitwa Makuza, mtoto wa wafugaji, mtu mrefu mwenye maneno ya kuchokoza. Hilaire akamuuliza, "Papa Kapita, alama ya kwao njo gani?"

"Mimi najua alama za ng'ombe," Makuza akasema. "Za ndege, uulize nyani wa kwenu. Wanakaa juu."

"Nyani wa kwetu hawajibu muntu mwenye kunuka siagi."

Wakacheka wote wawili. Makuza alikwenda kwake akarudi na kipande cha gazeti kilichofungiwa sabuni dukani. Ilikuwa picha ya vita ya angani, nyeusi na nyeupe. Ndege mbili zinafukuzana. Moja ilikuwa na duara ndani ya duara, kama jicho. Nyingine ilikuwa na msalaba mweusi wenye mustari mweupe pembeni.

Hilaire alikaa na karatasi ile muda mrefu. Duara zile alizijua. Wazee wa Ntoto walikuwa na mbao za jandoni zilizochorwa macho ya namna hiyo, udongo mweupe wa pembe kwa nje, unga mwekundu wa ngula katikati. Padri alipofika aliziita macho ya shetani, akazikusanya zote, akazichoma mbele ya kanisa watu wakiimba. Hilaire alikuwa mbatizwa mpya wakati ule, na kuni ni yeye aliyepasua. Ubao wa baba yake ulikuwamo. Baba yake hakumlaumu. Aliacha tu kula naye sahani moja.

Basi akajiuliza, wazungu waliochoma macho yale, watayatia tena juu ya ndege zao? Haiwezekani. Na huyu kijana amekufa. Kitu cha mtu aliyekufa kinatiwa nini, kama si msalaba?

"Bwana yako ni mukristu?" akamuuliza Makuza.

"Misa haimupite."

"Basi ni hii."

Makuza akatazama, akasema hata yeye anaona hivyo, kila muntu anatia ng'ombe yake alama ya kwake. Hilaire akachanganya rangi nyeusi. Kazi hiyo mikono yake iliijua hata macho yakifungwa. Misalaba ilitoka safi, mustari mweupe haukupinda hata kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu askari wapite, alikula chakula akasikia utamu wake.

Wazungu walirudi mchana, wakati wa ukungu. Ndege iliwekwa juu ya meza ya baraza, imefunikwa kitambaa. Madame njo aliyefunua. Alitazama. Alitia mkono mdomoni akarudi nyuma taratibu, kama mtu aliyemwona nyoka na hataki kumwamsha, akaingia ndani, na mlango ukafungwa kwa ufunguo.

Bwana Pareto alibaki amesimama. "Nani alikufundisha hii?"

Hilaire akamtazama Makuza. Makuza akatazama viatu vya Bwana.

"Mimi sijue kitu, Bwana," Makuza akasema. "Mimi ni muntu wa ng'ombe tu."

"Hii ni alama ya wale waliomuua mutoto yangu," Bwana Pareto akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyotisha. Akaendelea kusema kwamba kule poste wanasimulia namna watu wa msituni wanavyongoja wageni wengine waje kuwafukuza Wabeleji. Je, njo hao wanaongojwa? Njo alama yao?

Hilaire akaona Symphorien anatelemka shimoni, na kamba iko mkononi mwake yeye.

"Bwana," akasema, "mimi natia hii ku kaburi zote. Mama yangu iko chini ya hii."

Mzungu akakaa kwenye kiti. Alikaa hivyo mpaka ng'ombe wakaanza kurudi. Halafu akaingia ndani, akatoka na kikaratasi kidogo cha rangi alichotumiwa na mtoto wake kutoka Uingereza, akakiweka mezani. Mtoto yake, akaeleza, aliruka pamoja na Waingereza, na alama yao njo duara: nyekundu katikati, mweupe, halafu buluu kwa nje. Chini ya mabawa rangi zote tatu. Juu ya mabawa buluu na nyekundu tu, mweupe hakuna. Ubavuni zote tatu, tena na mzunguko mwembamba wa manjano. Neno lake lilikuwa palepale, akasema, ila ndege iwe ya kweli.

Hilaire alikitazama kikaratasi. Macho ya shetani yalimtazama yeye.

Akakwangua misalaba yake. Akasugua upya kwa musasa. Akafunga uzi kwenye msumari na kuzungusha duara. Mweupe ulitoka kwa rangi ya kanisa, buluu kwa rangi ya madirisha, nyekundu kwa rangi ya mkokoteni, manjano ile ya kuandikia mapipa ya maziwa. Rangi zilikuwepo. Lililokosekana ni jua. Milima ya Bihambwe wakati wa mvua haikaushi kitu. Shati linaoza kwenye kamba. Na mweupe lazima ukauke kabisa kabla ya kuuwekea nyekundu, ama sivyo zinakunywana, na duara inakuwa kidonda.

Mama yake Makuza, mjane aliyeitwa Mukabaranga, njo aliyemkaribisha. Hakusema ni kwa sababu gani, lakini alikuwa ameongea na mtoto wake, na Makuza siku hizo alipita njia ya nyuma. Ndege wakaitundika juu ya moto wa mama huyo. Moshi ukaugeuza mweupe kuwa kama jino la mvuta tumbako. Hilaire akakwangua tena. Safari hii wakatumia makaa matupu yasiyo na moshi, na Mukabaranga mwenyewe akakaa anayapepea kwa ungo, na maziwa ya ng'ombe zake yakiganda bila kutazamwa.

Mweupe ulikuwa bado unanata kidoleni Béata aliporudi kutoka poste, dada mmoja aliyebeba maziwa ya Mukabaranga kwenda kuuza. Akatua kibuyu, akasema kamiyo imefika. Wafungwa wametolewa kuoga.

Hilaire akakimbia kwa Bwana Pareto. Alimkuta anachagua maua na wafanyakazi. Akaeleza kwamba kamiyo iko Masisi, kwamba alama ya kweli imeanza kuonekana, kwamba Bwana anaweza kuja kutazama mwenyewe. Akaomba ashuke leo, kazi itamalizika nyuma yake. Hata akapiga magoti, jambo ambalo hakulifanya isipokuwa kanisani.

"Kazi kwanza," Bwana Pareto akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema mtu aliyedanganywa mara moja.

Akarudi kwenye makaa. Mukabaranga alipomwona uso, akamwambia aweke tu hiyo nyekundu, Mungu atasaidia. Hilaire akachukua brosi. Akaishika juu ya bawa. Kama ataiweka sasa, nyekundu itaingia kwenye mweupe, mzungu atasema si ya kweli, na neno litakufa. Kama atangoja, kamiyo itawasha moto iondoke. Akairudisha brosi ndani ya kopo. Akachukua ungo kutoka kwa mama yule, akapepea.

Kazi ilipokwisha ilikuwa safi. Mtu wa Masisi hakuwahi kuona kitu kama kile. Bwana Pareto aliilinganisha na kikaratasi chake, duara kwa duara, akapima manjano kwa ukucha. Madame alitoka akaibeba kifuani kwenda ndani. Bwana akaita gari saa ileile, akashuka Masisi kwenye matope, neno lake halikurudi nyuma.

Hilaire alimngojea kwenye lango. Gari liliporudi, mzungu alishuka, akasimama mbele yake, jambo ambalo hakuwa na lazima ya kulifanya.

"Wamekwenda," akasema. "Jana asubuhi. Nilimusemea. Nilitaja jina yake."

"Wamemupeleka upande gani, Bwana?"

"Hawakuniambia."

Misa iliimbwa. Kanisa lilijaa, ndege ilikaa mbele ya altare na mishumaa pembeni, na padri alitaja jina la kijana yule mara nyingi. Hilaire alikaa nyuma kabisa. Kila padri alipotaja jina, alingoja litajwe na jingine. Halikutajwa. Makuza alikuja kukaa karibu naye kwenye benchi. Wakakaa hivyo, mabega yanagusana, hakuna aliyemgeukia mwenzake. Watu walipotoka, Makuza alitaka kumpa kondoo wa kwenda naye. Hilaire akamwambia njia ni ndefu na kondoo anachoka haraka.

Akatelemka. Mpofi watu walimwuliza habari, akawajibu kwamba anapita tu. Ntoto alimkuta Thacienne uwanjani anamenya mihogo. Hakusimama. Aliuliza tu kama alimwona mume wake. Hilaire akasema hapana. Thacienne akauliza kama alisikia wapi wamepelekwa. Hilaire akasema hapana. Thacienne akaendelea kumenya, na maganda yakaanguka juu ya miguu yake bila yeye kuyaondoa.

Baada ya siku chache wawindaji wa kijiji wakaja. Wavu wa kuwindia pale kwetu si wa mtu mmoja. Kila mwanaume analeta wake, zinaunganishwa msituni, na nyama inatafuta tundu. Tangu Symphorien achukuliwe, pengo lake lilibaki wazi na wanyama walipita hapo hapo. Wakasema kwa heshima, wamekaa chini, kwamba hawakuja kugawa vitu vya mtu. Wanaomba wavu tu.

Thacienne alimtazama Hilaire. Kwa desturi njo yeye, mkubwa wa mume wake, aliyetakiwa kujibu. Na wote waliokaa pale walijua kwamba wavu wa mtu aliye hai hautoki nyumbani bila yeye mwenyewe kuubeba.

Mmoja wao akakohoa. Hilaire akainuka, akaingia nyumbani kwa mdogo wake, akautoa wavu chini ya dari. Ulikuwa mzito, umeshika vumbi la masizi. Thacienne alianza kulia kabla Hilaire hajavuka mlango.

"Kesho nitaushika mimi," akawaambia. "Munionyeshe mahali alikuwa anasimama."