Kipande cha Kaka

Kaka yangu alikuwa kinyozi. Kila jioni akifunga kibanda alikwenda moja kwa moja kwenye kipande chake cha bustani, bila hata kuvua koti lake jeupe la kazi. Ndiyo maana watu wa bustani walimwita Daktari. Siku ya msiba wake walikuja wakiulizia nyumba ya Daktari, na majirani wakawaambia mtaa huu hauna daktari.

Bustani zenyewe ziko nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa. Kila mtu ana kipande chake, amekizungushia kamba na vigingi, na sheria yao kubwa ni moja: udongo usilale. Kipande kikilala, anapewa mwingine.

Cha kaka kililala. Mama hakutaka kiguswe, wala yeye mwenyewe hakwenda kukitazama. Tangu tulipotoka makaburini alikuwa mtu wa jikoni na kitandani tu. Nyumbani tulibaki wawili, na hata maneno yalipungua.

Siku moja msimamizi wa bustani alikuja kwetu. Alivua mabuti yake ya mpira mlangoni, akaingia na soksi zilizotoboka.

"Mama, pole yangu bado ipo palepale," alisema. "Lakini nina watu wanasubiri. Mwisho wa mwezi ujao napita na reki yangu. Nikikuta pori, sina la kufanya."

"Hicho ni cha mwanangu," mama akasema.

"Najua. Daktari nilimpenda. Ila siwezi kumwambia mwenye watoto asubiri kwa sababu ya nyasi."

Alipoondoka, mama alikaa sakafuni karibu na jiko. Akasema kwa sauti ndogo, kama hasemi na mimi, "Kwa hiyo na hicho nacho wanakichukua."

Hapo ndipo nilipokata shauri. Jembe sikuwa nimewahi kulishika. Kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la dobi, na shule niliishia darasa la tano, tena huko nako sikunyoosha mkono hata kuomba ruhusa ya kwenda nje. Lakini nilimwambia mama, "Nitakilima mimi." Alinitazama mikono.

Nilichagua kwenda mchana, wakati wa mapumziko ya chakula. Watu wa bustani huja asubuhi na jioni, na mimi niliona haya kutazamwa nikishika jembe kama mtu anayefagia. Nyasi zilinifika kifuani. Ndani yake nilikuta ndoo isiyo na kitako, kandambili moja, na paka aliyenishangaa kuliko nilivyomshangaa yeye. Nilifyeka kwa panga mpaka malengelenge ya mikono yakapasuka. Jioni nikishika pasi, jasho likiingia kwenye vidonda, nilikuwa nauma midomo.

Kisha nikaanza kulima. Chini ya nyasi kulikuwa na mizizi mirefu, myeupe, yenye vifundo, imetambaa kila mahali kama kamba. Niliikatakata vipande vidogo vidogo kwa jembe, nikaifukia humohumo. Nilidhani itaoza iwe mbolea. Hakukuwa na mtu wa kuniambia vingine, na kama angekuwepo nisingemwuliza.

Pembeni, kando ya ukuta wa kiwanda, nilisimama. Chini ya nyasi niliona majani ya viazi vitamu, dhaifu, ya manjano, lakini hai. Lilikuwa tuta la kaka. Nilipunguza nyasi za juu tu, nikaliacha. Kipande kilichobaki kilikuwa cha rangi ya kahawia, laini, kimenyooka kama shati lililotoka kwenye pasi. Nilijisifu kimoyomoyo njia nzima.

"Mama, kimeanza kuonekana," nilimwambia.

"Na tuta lake?"

Sikujua kwamba analijua. "Lipo, mama. Lina majani."

Jioni ile alimaliza chakula chake chote. Akaniongezea na mimi, bila kuniuliza.

Ikaja mvua, ikanyesha siku nyingi bila kupumzika. Ilipokatika nilitoroka kazini jioni, sikuweza kungoja mchana wa kesho. Nilipofika nikadhani nimekosea kipande. Kilikuwa kijani kitupu. Kila kipande cha mzizi nilichokikata kilikuwa kimetoa jani lake.

Kwenye kipande cha jirani alikuwepo mama mmoja mnene, mpishi wa shule, anachuma mboga zake. Alikuwa ananitazama muda wote, mkono kiunoni.

"Shikamoo," nikasema, na sauti haikutoka vizuri.

"Marahaba. Wewe ndiye unayekuja mchana kama mwizi?"

"Ndiyo."

"Mizizi uliipeleka wapi?"

"Niliikata. Nikaifukia."

Alicheka mpaka akashika kigingi. "Mwanangu! Huo ni ukoka. Ukiukata mara kumi umezaa watoto kumi. Hukulima wewe, umepanda! Sasa si ungeupanda kwa mstari basi, tuone ufundi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Machozi yalianza, nikajifanya nafuta jasho. Akaacha kucheka. "Wewe ni nani wa Daktari?"

"Mdogo wake."

Aliweka mboga zake chini, akaniletea uma wa kulimia, wenye meno manne. "Huu hauukati, unauinua. Chomeka, inua, pukuta, okota kwa mkono. Hata kijiti cha ukubwa wa ukucha usiache. Na ukimaliza choma moto, usiweke popote."

Tangu siku ile nilikwenda jioni, mbele ya watu. Wengine waliniita Bibi Shamba, wengine wakaniuliza ukoka nauza kilo bei gani. Niliinama tu, nikaokota. Hatua kwa hatua udongo ulirudi, safari hii ukiwa mweusi na mwepesi, na nilipouchambua kwa vidole haukuwa na kitu ndani.

Likabaki tuta la kaka.

"Hilo nalo litoke," mpishi alisema.

"Lina viazi vyake."

"Nimeona. Lakini ukoka wote umejificha humo. Msimamizi reki yake haipiti katikati, inapita pembeni, ndiko wavivu wanakoficha. Akivuta mzizi mmoja umekwisha. Na hata asipovuta, ukiliacha, msimu mmoja tu utarudi mwanzo."

Nyumbani nilimkuta mama anachambua mchele.

"Mama, ukoka umeingia kwenye tuta la kaka. Inabidi nilichimbe."

"Hapana."

"Nikiliacha, kipande chote kinaondoka."

"Basi kiondoke." Mkono wake uliendelea kuchambua. "Tuta lile alililima anakohoa. Nilimwambia pumzika. Akaniambia, mama, namalizia hili tu. Na alimalizia. Usiliguse."

Sikuwa nimewahi kumkatalia mama neno. Siku ya reki ilikuwa imefika karibu. Nilifikiria mtu mwingine akiingia pale na jembe lake, asiyejua hata kwamba kulikuwa na kaka, akilichimba tuta lile kwa dakika chache huku akipiga mluzi. Kesho yake jioni nilichomeka uma mwenyewe.

Viazi vingi vilikuwa vimeoza. Vichache vilikuwa vizima, vigumu, na ncha ya ukoka ilikuwa imetoboa upande mmoja wa kiazi na kutokea upande wa pili, kama sindano. Nilijaribu kuuchomoa mzizi taratibu nisiharibu kiazi. Kikapasuka mkononi. Nikajaribu kingine, nacho kikapasuka. Nilipiga magoti palepale, nikalia kwa sauti, mimi ambaye msibani watu walisema nina roho ngumu.

Mpishi alipiga magoti kando yangu, akaanza kuokota. "Lia, mwanangu," alisema. "Ila endelea kuchimba, jua linazama."

Msimamizi alipita na reki. Aliivuta katikati, akaivuta kando ya njia, kisha akaenda pembeni kwenye ukuta, akaididimiza mpaka mpini ukapinda. Ikatoka na udongo mtupu. "Haya," alisema, "kimekuwa chako." Watu wakapiga makofi. Mimi nilitamani angesema kimebaki cha Daktari.

"Kimebaki," nilimwambia mama.

"Na tuta?"

Nilitazama kucha zangu zenye udongo. Alinielewa. Siku zilizofuata alinifunikia chakula changu mezani na kuingia chumbani kabla sijanawa mikono.

Halafu asubuhi moja, siku nisiyokwenda kazini, nilimkuta amevaa viatu. "Nipeleke," alisema.

Tulikwenda polepole. Miguu yake ilikuwa imesahau barabara. Tulipofika alisimama kwenye kamba, akatazama huku na huku.

"Kumbe kilikuwa kidogo hivi," alisema. "Alivyokuwa anakisimulia, nilidhani ni shamba."

"Ni hiki, mama."

"Lilikuwa wapi?"

Nilimpeleka pembeni. Aliinama kwa shida, akaweka kiganja juu ya udongo. "Hapa?"

"Sogea kidogo."

Akasogea. "Hapa?"

Nilitazama ukuta, nikatazama vigingi. Nilikuwa nimechimba kote, nimesawazisha kote, na udongo wa pale ulifanana na udongo wa kila mahali. Tuta lilianzia wapi na kuishia wapi, sikuweza tena kujua.

"Una hakika ni hapa?" mama akauliza, hajaondoa mkono.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni hapo hapo."

Akakaa chini.