Maneno Yaliyopigwa Pasi

Mjukuu wangu aliinua viganja viwili mbele ya uso wake, akafumba macho, akasema, "Amina."

Nami sikuwa nimemwombea dua. Nilimwuliza tu, kwa Kiarabu changu cha miezi saba ya kitabu, kama ameshakunywa maziwa. Kwenye kioo cha simu nilimwona mkamwana wangu akiuma midomo asicheke. Mwanangu hakujizuia, alicheka mpaka simu ikamponyoka.

"Mama, unaongea kama khatibu juu ya mimbari," alisema alipoiokota. "Wewe sema Kiswahili tu, mimi nitamtafsiria."

"Busu ukilituma kwa mtu, huliwa njiani," nilimjibu.

Haya, nitegulieni hiki: baba yake nimemzaa, harusi ya mama yake nimeicheza, mwenyewe akiniona huketi wima kama yuko kwa daktari. Ni huyo huyo, binti wa miaka mitano, aliyezaliwa ng'ambo na asiyejua lugha nyingine ila ya mama yake. Safari za mbali nilishakatazwa kwa sababu ya moyo. Kitu changu pekee ambacho kingeweza kumfikia ni sauti. Na hiyo nayo ilikuwa inafika imevaa kanzu ya ibada.

Katika karakana yetu ya sare, cherehani ya jirani hukaliwa na mwanamke tunayemwita Mama Vifungo. Kiarabu yeye alikinyonya. Nilipomweleza, aliniambia niseme asikie. Nikasema. Akachomeka sindano kwenye kifuko chake na kunitazama kwa huruma.

"Dada yangu, maneno yako umeyapiga pasi. Hata mkunjo wa kwapani hauna! Nani anamwongelesha mtoto kwa suti?"

Tangu siku hiyo kitabu kilipigwa marufuku. Kiarabu kikawa cha juu ya cherehani, mikono ikiwa kazini, tukisengenya msimamizi na kulaumu uzi mbovu. Nilipokwama nikitafuta neno sahihi, alinichapa kidole kwa utepe wa kupimia.

"Usinyamaze! Guna, sema 'yaani', lalamikia mgongo, lakini uzi usikatike!"

"Nikikosea?"

"Kosea. Mficha uchi hazai."

Ilinichoma. Mimi niliyeishia darasa la saba, fahari yangu yote ilikuwa katika kutokosea. Lakini nilipojisikiliza vizuri, niligundua kwamba hata kwa Kiswahili changu sijawahi kumaliza sentensi nzima tangu niolewe. Nikaanza kudandia maneno ya mwenzangu kabla hajafika nayo mwisho, naye akafurahi kama aliyepewa zawadi.

Ijumaa moja, wakati wa mapumziko, nilipiga simu. Mjukuu alikuwa peke yake sebuleni. Mama yake yuko jikoni. Alinijibu ndiyo, hapana, ndiyo, ameketi wima kama kawaida. Kisha akachoka na adabu. Akaniegemeza mezani, akavuta kiti, akaweka mto juu ya kiti, akapanda kuifuata mikasi juu ya kabati.

"Wee! Shuka!" nilipiga ukelele. "Shuka sasa hivi! Yaani wewe... hebu ona, ukianguka nifanyeje mimi, niruke? Shuka, nimesema!"

Cherehani ya Mama Vifungo ilinyamaza. Hapo ndipo nilipotambua ni lugha gani iliyonitoka, na kwamba sikuwa nimeitafuta popote.

Mtoto alisimama, mguu mmoja hewani. Akashuka. Akaja mpaka pua yake ikajaa kwenye kioo, mdomo ameuvuta.

"Nataka kumkata nywele mwanasesere. Kidogo tu, bibi."

"Hata kidogo."

"Kidogooo!"

"Na usinivutie mdomo!"

"Wewe ndiye uliyenivutia mdomo!"

Mwingine angesema mtoto hana adabu. Mimi nilivimba kifua mpaka kifungo cha blauzi kikalalamika. Mtoto habishani na mgeni. Nilimtazama Mama Vifungo. Alikuwa anajipangusa macho kwa kipande cha kola, na mafundi watatu nyuma yake, wasiojua hata neno moja, walikuwa wamesimama kusikiliza ugomvi wangu.

"Unabishana na nani huko?" mkamwana aliuliza kutoka jikoni.

"Na bibi!" mtoto alifoka. "Ananinyima mikasi!"

Ananinyima, alisema; kana kwamba mikasi ilikuwa mkononi mwangu. Nami nikafumba kiganja, nikaificha mikasi hiyo nyuma ya mgongo.