Kiitikio cha Bi Hilary

Bi Hilary, Mwingereza wa ghorofa ya chini, alikuwa akifundisha skuli moja na mjukuu wangu Lamya. Akianika nguo huimba nyimbo za zamani za kwao, bila ya ngoma wala zumari, macho kayafumba. Alizirithi kwa bibi yake aliyekuwa akinyoa kondoo, na bibi naye kwa wakubwa wake. Sauti yake haina mapambo, imenyooka tu, na mimi nikiisikia huacha kazi nikakaa dirishani.

Lamya alipokaribia kuolewa, nikamwambia, "Mwalike yule mama aje atuimbie siku ya hina."

Akenda, akarudi na jawabu. "Anaogopa, bibi. Aliimba kwao kwenye maziko ya bibi yake, kiitikio kikafika, hakuna aliyeitikia. Anasema labda nyimbo zenyewe zishakufa. Atakuja, lakini na hapa wakinyamaza, haimbi tena mbele za watu."

Shoga yangu Sayyida akacheka. "Kwao zife, sisi ndio tuzifufue?"

"Wewe njoo ule halwa tu," nikamwambia.

Siku yenyewe wanawake walijaa hadi ukumbini. Bi Hilary akasimama katikati, akafumba macho, akaanza. Nyumba ikatulia. Ngoma hakuna, macho kafumba. Sayyida akavuta mtandio kichwani, akafungua viganja. Wenzake wakamuona, wakafungua vyao. Ubeti ulipokwisha wote wakajibu kwa pamoja, "Amin."

Bi Hilary akafumbua macho, uso umemuiva.

"Si dua jamani," Lamya akanong'ona. "Wimbo wa kondoo huo."

"Sasa tungejuaje?" akasema Sayyida. "Kwa kondoo ndio mtu afumbe macho vile?"

Hapo nikaona tatizo lilipo. Kwetu mwimbaji hukutazama usoni mpaka uone haya kunyamaza. Nikamwambia Lamya, "Mwambie asifumbe macho. Mtu hajui kama anaitwa."

Lamya akamfasiria. Bi Hilary akaanza tena, safari hii ananitazama mimi. Kiitikio kilipofika, maneno yake siyajui, nikaifuata sauti hivyo hivyo. Sayyida akaingia, akagonga sinia, na wengine wakafuata. Ubeti ulipokwisha, Sayyida, mkorofi yule, akasema tena amin kusudi, na nyumba nzima ikamuitikia. Bi Hilary akacheka huku anaimba, na akaimba mpaka hina ikatukaukia mikononi.

Likizo akenda kwao. Juzi kamletea Lamya sauti kwenye simu. Anaimba ule ule wimbo mbele ya watu wa kijijini kwao, na kiitikio kikifika unasikia wazee, unasikia na vitoto, wote wanaitikia. Kila ubeti ukisha, chumba kizima: amin.

"Anasema alifanya kama ulivyomwambia, bibi, akawatazama," akasema Lamya. "Ile amin wameipenda, lakini hakuna anayejua imetoka wapi."

Sayyida alikuwa akimenya chungwa. "Waambie imetoka kwangu," akasema. "Na uirejeshe hiyo sauti mwanzo, sijashiba."