Aya za Mke Wangu

Mimi ni dobi, na dobi mwenye akili timamu hagusi shati la mtu kabla pasi haijashika moto sawasawa. Pasi yangu ni ya mkaa. Ukiiwasha alfajiri huna budi kusubiri, na katika kusubiri huko ndiko mke wangu alikoingizia dini. Tulipooana nilidhani muda huo ningeutumia kusinzia. Yeye akaleta kiti, akaleta Biblia, akasema, "Mkaa ukishika, sisi tumeshamaliza sura." Sikubishana naye. Kubishana na mwanamke yule ilikuwa ni kujitafutia kazi ya siku nzima.

Utaratibu ulikuwa wake. Yeye anasoma aya ya kwanza, mimi ya pili, yeye ya tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho wa sura. Ikianza sura nyingine, anaanza tena yeye. Kwa hiyo tangu tuoane sikuwahi kusoma aya ya kwanza ya sura yoyote. Tukimaliza anafumba macho na kuomba, na sala zake hazikuwa fupi. Anaanza na wagonjwa, anapita kwa binti yetu, anafika hadi kwa wateja wanaotelekeza suruali zao kwetu. Mimi nasema, "Amina." Hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu yangu, na niliifanya vizuri.

Kisha akaugua. Siku ya upasuaji walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, na hata pale aliomba mwenyewe, akajiombea, mimi nikaitikia. Walipoanza kumsukuma alinishika kidole akasema, "Usiache." Mlango ukafungwa. Alipotoka alikuwa amefunikwa shuka hadi usoni, na shuka lenyewe lilikuwa halijapigwa pasi. Niliwakasirikia kwa hilo kuliko kwa lolote lingine.

Sasa nieleze nilichofanya, na anayetaka kucheka acheke, nimeshazoea. Aliniambia nisiache. Hakuniambia nibadilishe. Basi asubuhi baada ya mazishi niliwasha pasi, nikakaa kwenye kiti changu, chake nikakiacha palepale, nikafungua pale tulipoishia. Aya ya kwanza ilikuwa yake. Nikanyamaza kwa muda ambao yeye angeisoma. Hata kuipitia kwa macho sikuthubutu, niliona ni sawa na kumpokonya mtu tonge mdomoni. Nikasoma ya pili. Nikanyamaza ya tatu. Mwisho wa sura nikafumba macho, nikangoja kiasi cha sala yake, nikasema, "Amina." Halafu nikachukua shati la kwanza.

Nimeishi hivyo mwaka mzima na zaidi.

Shida ni kwamba Biblia haikuandikwa kwa ajili ya kusomwa nusu. Tulikuwa tumefika kwenye vile vitabu vyenye majina ya koo. Basi nikawa napata watoto wasio na baba, na kina baba wasio na watoto. Mfalme anatoka kwenda vitani, nikija kumwona tena ameshazikwa, sijui aliyemwua wala kosa lake. Nilivumilia tu. Nilijiambia kwamba kilichokosekana anakijua yeye.

Jirani yangu ni kinyozi, tunagawana ukuta. Siku moja alichungulia dirishani kwangu na mkasi mkononi.

"Dobi, hiyo redio yako kila asubuhi inakatikakatika. Si uipeleke kwa fundi?"

"Si redio."

"Ni nini basi?"

"Ni mimi."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye kichwa cha mteja wake. Sikumlaumu. Hata mimi ningerudi.

Mwanzoni ule ukimya ulinifaa. Ndani yake nilimsikia. Nilimsikia anavyovuta pumzi kabla ya kuanza, anavyokwama kwenye jina refu, akacheka, akalirudia na kulikosea vilevile. Lakini sauti ile ikaanza kufifia. Nilikuwa nikikaza masikio kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni njiani, na ikafika mahali nikawa nasikia mkaa tu ukipasuka ndani ya pasi. Hapo ndipo kuamka kulipokuwa kazi. Asubuhi nyingi nililala nikitazama dari na kujiuliza, nikiacha leo, nani atajua? Nilijikaza kisabuni, nikaamka. Sikuamka kwa imani, nisiwadanganye watu. Niliamka kwa ukaidi. Na nilikuwa mpweke, mpweke hadi mteja akichelewa kuja kuchukua nguo naona kama amenisaliti.

Binti yetu ameolewa mbali. Hupiga simu Jumapili, ananiuliza kama nimekula, nasema nimekula. Jumapili iliyopita aliniambia ana uvimbe tumboni. "Kauvimbe kadogo tu, Baba. Watakatoa, nirudi nyumbani." Mama yake naye alisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Sikumwambia. Nilimwuliza siku ya upasuaji, nikasema, "Haya, mwanangu," nikakata simu, na siku hiyo sikugusa chakula kabisa.

Asubuhi ya upasuaji simu iliita mkaa ukiwa ndio kwanza unashika.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umeshaingia?"

"Bado. Wamenilaza, nangoja kuitwa. Mkweo ameenda kushughulikia karatasi zao. Baba, naogopa."

Neno hilo alikuwa hajaniambia tangu utotoni. Na hata utotoni alimwambia mama yake, mimi nikasikia tu.

"Nisomee ile zaburi ya Mama," akasema.

Niliijua. Ni ile fupi, ambayo mtu anatazama juu, anauliza ni nani wa kumsaidia, kisha anajijibu mwenyewe. Mke wangu alimsomea kila siku ya mtihani, na akamsomea asubuhi ya harusi yake huku anamfunga vifungo vya gauni. Niliweka simu mezani, nikaongeza sauti, nikafungua ukurasa. Nikasafisha koo. Nikanyamaza.

"Baba? Uko?"

"Niko."

"Mbona kimya?"

Nikasoma aya ya pili.

"Baba, umeruka. Anza mwanzo."

"Sijaruka."

"Umeruka bwana, hiyo ni ya pili. Ninaijua yote kwa kichwa."

"Ya kwanza ni ya mama yako."

Upande wake nilisikia magurudumu yakipita, mtu akiita jina la mtu mwingine.

"Ina maana tangu Mama afe unasoma hivyo?"

"Aliniambia nisiache."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Nilitegemea acheke, kwa kuwa ana mdomo kama wa mama yake. Hakucheka. Nilimsikia akivuta kamasi.

"Na kuomba? Nani anaomba?"

"Mimi naitikia."

"Unaitikia nini, Baba?"

Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza swali hilo, na mimi mwenyewe nilikuwa nalikwepa.

"Baba, Mama hayupo," akasema, taratibu, kama anayemwamsha mtu. "Na mimi wanakuja kunichukua sasa hivi. Naomba unisomee yote."

Nilirudisha macho kwenye aya ya kwanza. Nilijua ni moja ya mambo mawili. Nikikataa, nitakuwa nimemtunza marehemu na kumwacha aliye hai kitandani peke yake. Nikikubali, kile kinafasi kidogo nilichombakishia mke wangu humu ndani ninakikalia mimi. Nikafungua mdomo, nikasoma. Sauti ilinitoka mbaya, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu anayesoma barua isiyoandikiwa yeye. Nikauliza lile swali lake, halafu nikalijibu. Nikaendelea, aya yake, aya yangu, na upande wa pili binti yangu akinifuatisha kwa kunong'ona hadi mwisho.

"Wamekuja," akasema. "Niombee."

"Mimi sijui kuomba, mwanangu. Hilo unalijua."

"Mwambie tu unachotaka kuniambia mimi."

Simu ikakatika, au walimnyang'anya. Nilibaki na chumba changu, na nguo za watu zimepangwa kwenye rafu zinanitazama. Nikafumba macho. Nilisema hivi, na sikuongeza kitu:

"Mungu, mimi ni dobi. Labda unaijua sauti yangu, mimi ndiye yule wa Amina. Aliyekuwa akizungumza nawe sasa unaye huko. Binti yake yuko kwenye kitanda cha magurudumu. Mmoja alipita mlango kama huo, hukunirudishia. Nilinung'unika, na bado nanung'unika. Huyu nirudishie. Nakuomba sana. Sina maneno mengine."

Nikatulia, nikingoja wa kuitikia. Hakuna aliyeitikia. Nikaitikia mwenyewe.

Kazi siku hiyo niliiharibu. Niliunguza kola ya mwalimu mmoja anayenipa mashati yake miaka yote, ikabidi nimpigie kumwomba radhi, na yeye akaniuliza kama naumwa. Kila simu ikiita naidaka kabla haijaita mara ya pili. Adhuhuri ndipo mkwe wangu alipopiga.

"Ametoka, Baba. Ameamka. Anadai maji, wamemkatalia, sasa anagombana na muuguzi."

"Anagombana kweli?"

"Tangu afumbue macho."

"Basi ni mzima," nikasema, nikakaa chini kwenye sakafu. Kinyozi alinikuta hapo, akaniletea maji bila kuuliza. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mbele yake na sikuona aibu.

Nilidhani furaha hiyo ingenidumu siku kadhaa. Kesho yake niliwasha pasi, nikakaa, nikafungua nilipoishia. Hakuna aliyekuwa kwenye simu, hakuna aliyeniomba chochote. Ningeweza kurudi kwenye utaratibu wangu na asingejua mtu. Nikasoma aya ya kwanza kwa sauti. Nikasoma ya pili, nikasoma ya tatu, sikusimama popote, na kwa mara ya kwanza tangu azikwe nikaelewa sura inasema nini. Nikaomba, nikaanza na wagonjwa kama alivyokuwa akianza yeye, nikapita kwa binti yetu, nikafika kwa wateja. Nikasema, "Amina." Nilipofumbua macho nikaona kwamba asubuhi ile sikumwachia mke wangu hata neno moja la kusema, nikalia kilio ambacho siku ya mazishi sikukilia.