Mwili Mgeni Kwenye Kisagio

Saa tisa alasiri, siku ya Jumanne, Mina Budarik aliweka kikombe chini ya mdomo wa mashine yake ya kahawa, akabonyeza kitufe, akageuka kukata keki. Mashine ilisaga kidogo, ikakwaruza, ikanyamaza. Kwenye kioo chake yakatokea maneno: MWILI MGENI KWENYE KISAGIO.

Wajerumani wanalo neno hilo. Kokoto ikiingia kwenye buni, kibanzi kikiingia jichoni, mfupa wa samaki ukikwama kooni, kwao vyote ni mwili mgeni, wala hawakusudii ubaya. Mina alikuwa Msorbi, wa kabila dogo la Kislavi lenye lugha yake, na ukoo wake ulikuwa Lausitz, mashariki mwa Ujerumani, tangu enzi za mababu, ila mashine ilikuwa ya Kijerumani, naye alilisoma neno kama anavyolisoma kila mtu kule: kuna kitu kimekwama.

"Na hii nayo," alisema, "imengoja saa ya kahawa ndiyo ilete ukorofi."

"Imezichoka buni zako za bei poa," alisema jirani yake Krista Schuppan, uma tayari mkononi.

"Wewe mbona huzichoki, na kila siku uko hapa?"

Ukweli ni kwamba wiki nzima walikuwa wakiisifia kahawa hiyo. Ilikuwa imekuwa nzito, na ilinukia udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Ya nyumbani kwa Krista nayo ilikuwa hivyohivyo.

Mina alifanya yote yanayotakiwa. Alichomoa waya, akazichota buni kwa kijiko, akaingiza mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi kwenye kisagio akafyonza. Akakitoa kile kifaa cha ndani kinachoshindilia unga wa kahawa na kupitisha maji, akakiosha kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, akakianika. Akatia hata dawa ya kutoa chokaa, ingawa chokaa haikuwa na kosa. Alipowasha, maneno yalikuwa palepale. Wakanywa chai, na Krista akaondoka amenuna.

Kesho yake adhuhuri akaja fundi, Ronny Mrosk, kutoka mji wa Cottbus. Zamani alikuwa fundi umeme kwenye mitambo ya kuchimbia makaa ya mawe, ile mirefu kama mtaa. Alipopunguzwa kazini akaanza kutengeneza mashine za kahawa majumbani kwa watu. Alikuwa mnene, mwenye kuhema, na mdomo wake haukupumzika.

"Umefyonza, bibi?"

"Nimefyonza."

"Umeosha?"

"Mwanangu, mashine hii nimeiosha kuliko marehemu mume wangu."

Ronny alicheka, akafungua kifuniko kwa bisibisi, akalinyanyua jiwe la juu la kisagio. Katikati ya mawe kulikuwa na kitu cheupe. Alikitoa kwa kibano, akakipuliza, akakiweka mezani kando ya bakuli la sukari. Kilikuwa kifungo cha shati, nusu kimesagika, na kwenye matundu yake bado kulikuwa na uzi mwekundu.

Mina akavuta kiti akakaa. Siku ile alipokishona, uzi mweupe ulikuwa umemwishia, duka la kijiji limefungwa, na mtoto anazikwa asubuhi. Akatumia mwekundu. Alijiambia hakuna atakayeona.

"Kifungo cha Hajno hiki," alisema.

"Mwanao?"

"Mwanangu. Barafu ya bwawa ilimvunjikia. Alikuwa na miaka minne."

"Pole sana, bibi," alisema Ronny, akainama tena na tochi. "Na udongo umo. Tazama." Akaupaka kwenye kidole, akaunusa. Ulikuwa mfinyanzi mweusi, naye aliujua. "Huu ni wa juu kabisa, kabla hujayafikia makaa. Tumeubeba sana huu." Kisha akasema, kama mtu anayetoa habari za mafua ya mtaani, "Si kwako peke yako. Kwa Schuppan leo asubuhi nimetoa kioo cha miwani. Kwa mzee Kalz yametoka meno ya bandia, ya juu. Kasema ni ya baba yake, kayatia kwenye glasi ya maji."

Hapo inafaa isemwe mashine hizo zilitoka wapi. Kijiji chao, Lipnica, kilikuwa juu ya makaa ya mawe. Kampuni iliyataka makaa, ikawajengea watu Lipnica Mpya, ng'ambo ya msitu wa misonobari, na kila nyumba ikapewa jiko jipya na mashine ya kahawa, zote za aina moja, iwe ahsante kwa kuhama bila kelele. Pale palipokuwa kanisa, bwawa na bustani za matango, leo pana shimo ambalo ng'ambo yake huioni vizuri hata siku ya jua.

Wafu nao walihamishwa. Walifukuliwa nyuma ya mashuka meupe ili jamaa zao wasione, kila mmoja akatiwa kwenye sanduku jipya la mbao, mchungaji akaomba. Sanduku la Hajno lilikuwa dogo na jepesi, nalo lilikazwa kwa skrubu. Sanduku la mtoto lazima liwe jepesi, na Mina hakuuliza neno. Alipoweka jiwe jipya la kaburi alichongesha na jina lake mwenyewe pembeni, mwaka wa kuzaliwa na kistari, mbele pakaachwa wazi. Jambo moja tu lilikuwa limembakia hapa duniani, nalo ni kulala kando ya mtoto wake. Alilisema waziwazi, wakati mwingine akiwa anakata keki.

Sasa alikitazama kifungo. "Kama hiki kiko hapa, basi mle sandukuni mna nini?"

"Bibi, mimi fundi wa kahawa."

"Nakuuliza wewe."

Ronny alikuna shingo. "Udongo, nadhani. Mwaka ule walikuwa na haraka."

Lililobaki Mina alilijua mwenyewe. Udongo wa juu ulikuwa ukichotwa na mtambo, ukipita kwenye mkanda mrefu wa kusafirishia, ukimwagwa ng'ambo ya shimo. Na mlinzi wa mkanda, masika yale, alikuwa Kito, mumewe. Jioni alirudi, akakung'uta mfinyanzi kwenye viatu mlangoni, akaomba kahawa. Kito alikufa bila kujua alimpitisha nani.

Mina alilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mikono imeanguka mapajani. Ronny akaendelea kuupaka grisi mpira wa kuzibia maji, maana ulikuwa umekauka.

"Na ile ya wiki nzima," alisema Mina alipoweza kusema, "tumeinywa."

"Mmeinywa, bibi."

"Mungu wangu. Na tukaisifia."

Ronny aliirudishia mashine vifuniko, akaiwasha kuijaribu. MWILI MGENI KWENYE KISAGIO. Mina akasimama, akakipiga kile kioo kibao.

"Mgeni nani? Huyu kazaliwa hapa, baba yake hapa, bibi yake hapa! Mgeni ni wewe, mwanaharamu wa plastiki!"

"Bibi, taratibu, hiyo ni mashine. Imeandikiwa kiwandani."

Ronny akafanya kitu pekee alichoweza. Aliyatanua mawe mpaka namba ya mwisho, ili kinachoshuka kipite kizima bila kusagwa. Kahawa ikawa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo, lakini kwenye droo ya machicha ya kahawa vitu vilianza kutoka salama: kifupa cha kidole kidogo kuliko buni, sufu ya soksi, kichwa cha msumari. Kila siku Mina aliyachekecha machicha kwa chekecheo la unga, na vilivyobaki akaviweka kwenye bakuli la buluu. Hakuwa na shaka ni vya nani. Kila mashine ilileta wafu wa nyumba yake, haikuchanganya hata mara moja. Katika hilo mashine zilikuwa makini kuliko Kampuni.

Kampuni ilimtuma Bwana Wedekind, anayeshughulikia ujirani mwema. Alikuja na maua. Mina alimkaribisha kahawa, naye akainywa kwa adabu, akatoa ulimini kipande cha msumari wa jeneza, akakiweka ukingoni mwa kisahani kama kokwa ya cheri.

"Kahawa nzuri," alisema. "Bibi Budarik, makaburi yote yalihamishwa. Kila marehemu ana hati yake."

"Na huo uliokuwa mdomoni mwako?"

"Hitilafu ya mashine. Tunasikitika mno. Tutawabadilishia wote, bure kabisa."

"Nifungulieni kaburi la mwanangu nione."

Bwana Wedekind aliuvaa uso wa msibani. "Sheria haituruhusu. Amani ya marehemu haivurugwi."

"Ninyi mmefukua kijiji kizima!"

"Kwa kibali," alisema Bwana Wedekind, akamalizia kahawa yake.

Mina alikwenda wilayani. Binti wa dirishani, mpole wa watu, alimwambia maneno yaleyale, amani ya marehemu, akampa kitambaa cha karatasi ajifute machozi. Basi, habari ikaishia hapo.

Lori la mashine mpya likaja. Karibu kila nyumba ilipokea, na nani awalaumu. Mtu saa tisa anataka kahawa, hataki ukoo. Krista alikuja kujieleza mwenyewe, macho chini.

"Wangu wamezidi, Mina. Jana umetoka ubavu wa shangazi Lena. Na unamjua shangazi Lena, hata alipokuwa hai ukimfungulia mlango haondoki."

"Kachukue mashine yako mpya, shoga. Sina kinyongo."

"Na wewe?"

"Mimi nina mtoto ndani."

Zile za zamani zilirundikwa kona ya barabara, na Ronny akazibeba zote kwenye gari lake, maana vipuri vya aina ile havitengenezwi tena. Tangu hapo akawa anakuja mara kwa mara, akibadilisha mpira hapa, mrija pale.

"Itadumu?" Mina alimwuliza.

"Kwa vipuri hivi? Miaka kumi, bibi."

"Na mimi?"

"Wewe huna vipuri."

Walicheka wote wawili, na Ronny akala kipande cha pili cha keki. Lakini alipoondoka Mina hakucheka tena. Alikuwa ameshapita sabini na tano. Mtoto wa miaka minne si mkubwa, ila kwa kijiko kimoja kwa siku ni mkubwa mno. Akaanza kubonyeza kitufe asubuhi, mchana na jioni. Moyo ukamwenda mbio, daktari akampiga marufuku kahawa, akawa anaimimina kwenye sinki bila kuionja na kubaki na machicha. Wakati wa theluji pampu ilikufa. Mina alikaa dirishani kila siku, hali, hasemi, mpaka Ronny alipofika na pampu aliyoitoa kwenye mashine ya mzee Kalz, akaifunga, na ule mngurumo ukarudi. Mina alimbusu fundi mkono. Ronny aliona haya mno.

Nyuma ya misonobari mtambo haukusimama. Ulikuwa umefika mashamba ya kijiji kinachofuata, na huko Bwana Wedekind alishaanza kupita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu wanapenda mashine ya rangi gani.

Novemba ikaja, na Jumapili ya Wafu ikakaribia. Siku moja kabla yake watu wa Lipnica Mpya walikwenda makaburini kama ilivyo desturi, wakachana mchanga kwa reki, wakayafunika makaburi kwa matawi ya misonobari. Mina alikwenda na bakuli la buluu limefunikwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Alipiga magoti mbele ya jiwe, akachimba kwa sepeto ya bustani kadiri mkono ulivyofika, akalala kifudifudi ili ufike zaidi.

Msimamizi wa makaburi, Bwana Jatzwauk, alikuwa akipita na toroli. Alikuwa rika la Hajno. Sasa ana kipara na wajukuu. Kuzika bila kibali ni kosa, na kazi yake ilikuwa kuangalia hayo. Akaliweka toroli chini.

"Bibi Budarik, unafukia nini hapo?"

Mina alimtazama. Akalitazama bakuli, ambalo mwaka mzima wa kazi ulikuwa haujalijaza.

"Machicha ya kahawa," alisema.

"Ya waridi?"

"Ya waridi."

"Yanafaa sana hayo," alisema Bwana Jatzwauk. "Mama yangu naye hakuyatupa." Akanyanyua toroli lake akaenda zake.

Mina alingoja mpaka gurudumu halisikiki tena. Akayamimina yaliyomo bakulini, akarudishia udongo, akaukandamiza kwa kiganja. Kisha akamwomba mtoto radhi kwa kumwita machicha. Alimwomba kwa Kisorbi, kwa kuwa Hajno hakuwahi kujifunza Kijerumani.