Rafiki Aliyemwokoa

Ofisini walimwita Nukta, kwa sababu hati haikutoka mikononi mwake mpaka kila nukta ikae mahali pake. Kazi yake ilikuwa kufasiri: mikataba, vyeti, maelezo ya dawa. Kwa hiyo kiwanda cha nguo alichofanyia kazi marehemu baba yake kilipomwomba aweke kwa Kiingereza maneno ya chini ya picha zake za zamani, alidhani ataimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa.

Picha ya mwisho ikamkwamisha. Wanaume wawili wamejifunika blanketi moja, nyuso zimejaa masizi, nyuma yao ghala la pamba linafuka moshi. Wa kushoto alikuwa baba yake, fundi mitambo. Chini pameandikwa: “Fundi mitambo na rafiki aliyemwokoa.”

Alianza kuandika, kidole kikagota hewani. Kiingereza kilitaka kujua jambo ambalo Kiswahili hakikuwa na haja ya kuliuliza. Akiandika “who saved him”, rafiki ndiye mwokozi. Akiandika “whom he saved”, mwokozi ni baba. “Aliyemwokoa” limebeba yote mawili na halina habari.

“Lakini si najua?” alijiambia. Kweli, tangu utotoni alijua kwamba baba ndiye aliyeokolewa; ndiyo maana kila baba alipokohoa, yeye alikimbilia maji. Ila hakuwa mtu wa kubahatisha. Akampigia simu kaka yake, mzimamoto.

“Kaka, ule moto wa ghalani. Nani alimwokoa mwenzake?”

Kaka akacheka. “Swali gani hilo? Baba, bila shaka. Unadhani mimi niliingia zimamoto kwa kupenda kofia?”

“Nani alikwambia?”

“Mama. Kila Mzee Miwani alipokuja kututembelea, mama alisema, ‘Msalimieni rafiki aliyemwokoa baba yenu.’”

“Hata mimi aliniambia hivyo hivyo. Maneno hayo hayo.”

Utotoni walilala chumba kimoja, wakasikia sentensi moja, na kila mmoja akakua na baba yake.

Jumamosi wakaenda kwa mama. Walimkuta anafumua pindo la pazia, uzi umemganda kwenye gauni. Alisikiliza swali, akavua subana kidoleni.

“Jamani, mimi ghalani sikuwepo. Na baba yenu moto ule hakutaka hata kuutaja. Nilisema nilivyosoma chini ya picha.”

“Lakini ulipokuwa unasema, mama, ulikuwa unafikiri nini?” Nukta alimbana.

“Nilikuwa nafikiri wageni wamefika na sufuria iko motoni! Mwenyewe si yupo? Nendeni mkamuulize.”

Mzee Miwani aliishi nyuma ya karakana ya baiskeli ya binti yake. Walimkuta kibarazani, vioo vya miwani vinene kama kitako cha chupa. Walimwamkia shikamoo, akawaitikia, akawakalisha. Kaka alikuwa amejikunja kitini kama anayesubiri majibu ya mtihani.

“Baba yenu nguzo ilimlalia mguu,” mzee alisema. “Nikaingia. Hatua chache tu, miwani ikadondoka. Basi nikawa napapasa hivi, naita, yeye ananiitikia, mpaka nikamkanyaga.”

“Ukambeba,” kaka alisema polepole.

“Nikaisukuma nguzo, nikamtia mgongoni. Lakini niende wapi? Moshi, na macho sina. Sasa yeye, kule juu, ndiye akawa anaelekeza. ‘Inama! Kushoto! Huo ukuta, we mwehu, mlango uko huku!’ Alinitukana mpaka tukafika nje.” Akacheka, akaifuta miwani kwa pindo la shati. “Halafu akazimia.”

Kaka hakucheka. “Mzee, sisi tunafundishwa usiingie bila kamba. Kwa nini uliingia?”

“Sasa ningemwambia nini mama yenu?”

Kaka akatazama pembeni, akajikuna shingo. Nukta alimwona anapumua, mabega yakashuka. Alitaka kumshika mkono, akaona haya, badala yake akafungua kompyuta yake mapajani na kuandika: “the friend he came out with.”

Kaka akachungulia. “With nani? Mbona umeiacha inaning’inia? Andika ‘with him’.”

“Haiwekwi. Sisi tunasema ‘rafiki aliyetoka naye’. Ile ‘naye’ ina mtu ndani. Wao rafiki wakishamtaja mbele, nyuma hawamrudishi tena.”

“Wachoyo hao.”

“Na ya Kiswahili je?” mzee aliuliza. “Mtaiacha vile vile?”

Nukta hakuwa amelifikiria hilo. Alimwomba mzee achague neno mwenyewe, nalo likatoka bila kusita: rafiki aliyetoka naye. Akaliandika, akalisoma tena kwa sauti, akaona halina pa kupingwa.

Kaka bado alikuwa na maswali. Mguu upi? Mlango ulifungukia ndani au nje? Akaishia kwa kumwomba mzee aje siku moja kituoni, awasimulie vijana wanaojifunza kazi.

“Nitakuja,” mzee alisema. “Ila unifuate mwenyewe na lile gari jekundu. Na nisikalishwe nyuma.”